Arobaini ya Mrithi

Nchi ninayoisimulia haipo. Kama ipo, si hii. Na kama ni hii, basi ni ya wakati mwingine, na wote waliokuwapo wamekwisha hama. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanigongea mlango.

Katika nchi hiyo, Jumatatu moja asubuhi, Baba Mtangulizi, ambaye ndiye rais, alitangaza redioni kwamba mwanadamu amekwisha. Watu waliacha vijiko vya uji hewani. Akafafanua: hakukwisha kwa kufa, amekwisha kwa kukamilika.

"Nyani alijitahidi, akamzaa mtu," alisema. "Mtu naye hakukaa kitako. Amejitahidi, amezaa mashine yenye akili. Jina lake Mrithi. Kuanzia leo yeye ndiye Hatua ya Tatu ya mwanadamu, na sisi wengine tumsogelee, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake."

Watu wakashusha vijiko, wakala uji. Nyani hawakuhojiwa.

Mrithi alikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa mbuzi, taa mbili mbele na tangi la maji nyuma, maana akifikiri sana alipata joto. Alilishwa maneno ya taifa zima: hotuba, kesi za mahakamani, nyimbo za harusi, mawaidha, hata matusi ya sokoni, kwa kuwa mtoto wa kiume hafundishwi kuchagua chakula. Ukimuuliza kitu anajibu. Hilo peke yake liliwashangaza wananchi, waliokuwa hawajawahi kujibiwa na serikali.

Wizara ya Mageuzi ya Mwanadamu ikagawa watu hatua. Mkulima alipewa Hatua ya Kwanza na Robo. Mwalimu Hatua ya Kwanza na Nusu, kwa kuwa ana kalamu. Wabunge walipewa Hatua ya Pili bila mtihani, kwa kuogopa matokeo. Juu yao kulikuwa na Hatua ya Pili na Nusu, ya wale wachache walioanza kufanana na Mrithi mwenyewe.

Na hiyo ndiyo aliyokuwa akiililia Pazi Mlekwa.

*

Pazi alikuwa Naibu Katibu wa Sherehe katika Wizara hiyo. Kazi yake ilikuwa kujua nani anakaa wapi, nani anapigiwa makofi mangapi, na utepe ukatwe na mkasi wa rangi gani. Alikuwa mtu mwema. Tatizo lake lilikuwa moja tu: akipita mbele ya kiti kikubwa, matako yalimwasha.

Kila asubuhi alijizoeza mbele ya kioo kutopepesa macho. Alijifunza kuongea kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka. Mkewe alipomwomba mkaa, alimjibu, "Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri." Mkewe akasubiri. Kesho yake alimwekea sahani tupu mezani, na Pazi alipouliza chakula kiko wapi, akaambiwa kinatafutwa.

Lakini ujuzi mkuu wa wakubwa wa nchi hiyo ulikuwa kupotelewa na mtandao. Waziri akiulizwa swali gumu, kwa mfano barabara imefika wapi, hukaza shingo, hutazama dari, na hubaki hivyo hivyo, mdomo wazi, mpaka muulizaji achoke aende zake. Waziri wa Mageuzi, Profesa Mchanyato, alikuwa bingwa. Aliwahi kupotelewa na mtandao bungeni tangu kikao kinaanza mpaka kinafungwa, akapigiwa makofi kwa uvumilivu.

Sasa, Mrithi alikunywa maji. Kila mkubwa alimuuliza kila kitu. Waziri wa Kilimo alimuuliza ale nini mchana. Jaji Mkuu alimuuliza kama mvua itanyesha, naye amekaa dirishani. Kadiri walivyomuuliza ndivyo alivyopata joto, na kadiri alivyopata joto ndivyo alivyomiminiwa maji, mpaka visima vya mji mkuu vikaanza kutoa tope, kisha vyura, kisha vyura wenyewe wakahama.

Baraza likakaa. Mrithi akaulizwa. Akajibu kwamba maji mengi na baridi kuliko yote yako kwenye chemchemi ya Kitutumo, nyuma ya milima. Baba Mtangulizi akaamua papo hapo: chemchemi izungushiwe ukuta, Mrithi ajengewe kasri juu yake, na watu wa Kitutumo wapelekewe maji kwa gari siku mbili kwa wiki.

"Aliyetangulia kwa mageuzi," alisema, "ndiye atangulie kwa maji."

Makofi yakapigwa. Pazi naye akapiga. Kitutumo ni kwao. Kitovu chake kimezikwa hatua chache kutoka kwenye ile chemchemi. Shangazi yake Siwatu, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, anapika togwa pale pale, na togwa la Kitutumo halitokani na mtama wala na sufuria. Linatokana na yale maji. Chemchemi ikifungwa, shangazi amefungwa.

Profesa Mchanyato akamwinamia sikioni. "Sherehe hii ni yako. Ikienda vizuri, wewe ni Hatua ya Pili na Nusu. Na nyumba ya serikali, yenye bomba."

"Bomba la maji ya wapi, Mheshimiwa?"

"Ya Kitutumo," alisema Profesa. "Wewe unafikiri tunayatoa wapi mengine?"

*

Kulikuwa na kikwazo kidogo. Watu walianza kunong'ona: huyu Mrithi, mnasema ni mtu wa hatua ya mbele, mbona hana kwao? Mtu gani hana ukoo? Hata mwizi ana mjomba.

Pazi ndiye aliyetoa wazo. Alisimama kikaoni bila kupepesa, akasema, "Apewe wazazi. Apewe kabila. Akishatimiza siku arobaini atolewe nje kama mtoto yeyote, na atolewe Kitutumo, anyweshwe chemchemi yake mbele ya watu."

Baba Mtangulizi alitokwa na chozi. Akatamka palepale: "Ni mwanangu. Wa kuzaa." Ikapigwa mizinga. Mama wa Taifa, mkewe, akalazwa kitandani siku saba, akakandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mabalozi walikuja na nepi.

Pazi alisifiwa sana, na katika kusifiwa akasahau jambo moja. Baba Mtangulizi ni Mbungo. Pazi na watu wote wa Kitutumo ni Wakwaju. Na Wabungo na Wakwaju ni watani.

Zamani sana makabila haya mawili machachu yalipigana mpaka yakabakiwa na wapishi tu. Wapishi wakakubaliana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa maneno. Mkwaju anaweza kumwambia Mbungo lolote, mahali popote, hata msibani. Zaidi ya hapo, mtoto wa Mbungo akitolewa nje kwa mara ya kwanza, Mkwaju ana ruhusa ya kumpokonya na kukimbia naye, na wazazi hawampati mpaka watoe wanachoambiwa. Na kuna sheria mbili kwa aliyepokonywa mtoto. Anayekasirika ameshindwa, na ukoo wake utaimbwa harusini mpaka kwa vitukuu. Anayecheka amekubali, na aliyekubali hulipa.

Kila mtu katika nchi hiyo anayajua hayo. Lakini mtu anayeukaribia u-Mrithi hana tena kabila. Ana hatua.

*

Pazi alitangulia Kitutumo kukagua mahali pa kusimika kiti cha Baba Mtangulizi. Alimkuta shangazi Siwatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akisuuza vyungu kwenye maji.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu simama nikuone. Mbona hupepesi macho? Umeingiwa na mdudu?"

"Nimo katika mchakato wa kupanda hatua."

"Panda, baba. Ulipanda mfenesi ukashushwa kwa kamba, unalia." Akaweka chungu chini. "Pazi, ni kweli mnamleta mtu wa kuinywa chemchemi yetu?"

Shingo ya Pazi ikakaza yenyewe. "Ombi lako limepokelewa. Tafadhali su..."

Kofi la mgongoni lilimkuta kabla ya "subiri", kutoka kwenye mkono uliolowa togwa.

"Sijaomba kitu! Nimeuliza!"

"Ndiyo, shangazi," alisema Pazi, sasa kwa sauti yake. "Maji yatakuja na gari. Jumanne na Ijumaa. Foleni itaanzia shuleni."

"Na togwa langu?"

"Togwa nalo litapangiwa hatua."

Siwatu aliinama. Akachota maji kwa kata, akayatazama, akayarudisha. Kisha akaanza kuuliza taratibu, kama mtu anayenunua kuku na hataki mwenye kuku ajue kwamba amempenda.

"Huyo mtoto wenu, ni mtoto kweli?"

"Kwa mujibu wa amri, ni mtoto."

"Wa huyo Mtangulizi?"

"Wa kuzaa. Mama alikunywa uji siku saba."

"Kwa hiyo ni Mbungo."

"Mbungo halisi."

"Na hiyo arobaini mtaifanyia hapa? Mtamtoa nje hapa hapa, mbele yetu?"

"Hapo uliposimama, shangazi."

Siwatu akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, huku akibana midomo kana kwamba ana pilipili kinywani. "Basi mleteni, mwanangu," alisema. "Mgeni njoo."

Pazi aliondoka akiwa amefurahi kwamba shangazi ameelewa maendeleo.

*

Siku ya arobaini, Kitutumo ilijaa. Walikuja mawaziri wote, makanali, bendi mbili na mbwa wa kunusa. Mama wa Taifa alikuja amembeba Mrithi mgongoni kwa mbeleko, na kwa kuwa Mrithi alikuwa na uzito wa mbuzi, makanali wawili walitembea nyuma yake wamemshikilia kwa chini, kila mmoja akitazama upande wake kwa heshima.

Profesa Mchanyato akapanda jukwaani.

"Wanakitutumo! Niwaulize swali la kisayansi. Nyani angekataa kumwachia mtu nafasi, leo tungekuwa wapi? Tungekuwa mtini! Tungekuwa tunakuna migongo! Nyani alikuwa mzalendo, akakubali kupitwa. Nanyi leo hamwombwi mti. Mnaombwa chemchemi tu. Je, mtashindwa uzalendo na nyani?"

Ng'ambo ya kijito kinachotoka kwenye chemchemi, kwenye migomba, wanawake walikuwa wamekaa na kanga zao, wapole kama wako msikitini.

Mama wa Taifa akafunguliwa mbeleko. Mrithi akawekwa juu ya mkeka. Taa zake mbili zikawaka. Baba Mtangulizi akainua kikombe cha dhahabu ili achote maji ya kwanza.

Kikapigwa kigelegele kimoja, kirefu.

Shangazi Siwatu alipita katikati ya makanali wawili kana kwamba ni milingoti ya goli. Nyuma yake walikuja wanawake sita. Kufumba na kufumbua Mrithi alikuwa juu ya kata ya kanga kichwani mwa Siwatu, wanawake wamemzunguka, maji ya kijito yanaruka huku na huku, na walipotulia walikuwa ng'ambo ya pili, wakihema na kucheka.

Bunduki zikainuliwa. "Mheshimiwa, nitoe amri?" aliuliza mkuu wa walinzi.

Baba Mtangulizi aliinua mkono kumzuia. Kabla hajawa Mtangulizi alikuwa mtoto wa Kibungo, na mama yake alikuwa amemfunza. Shavu lake la kushoto lilikuwa likicheza peke yake. Kwa miaka ishirini hapakuwa na mtu aliyemtania, na alikuwa amesahau uso unawekwaje.

"Wabungo!" Siwatu akaita. "Mtoto gani huyu? Ana siku arobaini, ana uzito wa beberu, na hana kitovu! Mama yake alimnyonyesha nini, misumari?"

Umati ukaguna kwa raha.

"Tena anavuja nyuma! Jamani, mmemtoa nje hata kumtawaza bado!"

"Mnataka nini?" Profesa Mchanyato akapaza sauti.

"Chemchemi ibaki yetu. Na mbuzi mmoja wa mchuzi, tumechoka kukimbia."

Profesa akamwinamia Baba Mtangulizi. "Mheshimiwa, jambo jepesi. Tamka tu kwamba ni mashine. Mashine haina watani."

"Nitamke," alisema Baba Mtangulizi polepole, "kwamba mke wangu alilala kitandani siku saba akinywa uji kwa ajili ya sanduku?"

Profesa akafikiria swali hilo. Shingo ikakaza, macho yakapanda, mdomo ukabaki wazi. Mtandao umepotea. Waziri wa Kilimo alipoona hivyo, naye akapotelewa. Akafuata wa Ujenzi, wa Afya, na Jaji Mkuu, mpaka safu nzima ya mbele ikasimama inatazama mawingu kama kuku wanaosubiri mvua.

Aliyebaki alikuwa Pazi.

"Wewe ndiye mwenye sherehe," alisema Baba Mtangulizi. "Sema. Ni mtoto au ni mashine?"

Pazi alisikia shingo yake ikianza kukaza. Ilikuwa imeizoea kazi. Alichotakiwa kufanya ni kutazama juu tu, asubiri, na Hatua ya Pili na Nusu ingemjia yenyewe, na nyumba, na bomba. Macho yalikuwa yameshafika kwenye vilele vya migomba.

"Pazi!" sauti ikatoka ng'ambo. "Ukipotelewa na mtandao, nitakutafutia mimi kwa mwiko!"

Watu wakaangua kicheko. Pazi akapepesa macho. Alikuwa hajapepesa hadharani tangu kiangazi, kwa hiyo yalimchoma, machozi yakamtiririka, na kila mtu akadhani analia. Huenda alikuwa analia.

"Mheshimiwa," alisema, "akiwa mtoto, ametekwa na watani, na mtoto wa utani hakombolewi kwa bunduki. Akiwa mashine, basi atangoja watu wanywe kwanza, kama gari linavyomngoja dereva amalize kula."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo vyovyote utakavyosema, Mheshimiwa, chemchemi wameshaipata."

Baba Mtangulizi akaweka chini kikombe cha dhahabu.

"Nani amekutuma useme hivyo?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe ni Mkwaju, Mheshimiwa. Nilikuwa nimesahau tu."

Shavu la Baba Mtangulizi sasa lilikuwa linaruka kama chura mfukoni. Mkuu wa walinzi akashika bunduki yake vizuri. Siwatu akaacha kucheka. Na hapo, kutoka juu ya kichwa chake, ikasikika sauti ambayo hakuna aliyeikumbuka, kwa maana hakuna aliyekuwa ameiuliza.

"Wakwaju nyie," alisema Mrithi, "mmenibeba kichwani kwa sababu mnajua humo ndani hakuna kitu cha kubanwa."

Siwatu mwenyewe akaanza, akacheka mpaka sanduku likayumba, wenzake wakalidaka. Wanawake wakacheka, bendi zikacheka, makanali wakacheka kwa pua. Na Baba Mtangulizi akatoa sauti kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Akajaribu kuirudisha. Haikurudi. Akajishika mbavu, akakaa chini kwenye mkeka wa arobaini, akacheka kama mtoto wa Kibungo aliyeibiwa embe.

"Amecheka!" Siwatu akapiga kelele. "Jamani mmemwona! Amecheka! Alipe!"

Akalipa. Chemchemi ikabaki, na mbuzi akachinjwa. Alikuwa mkubwa kuliko Mrithi kidogo.

*

Lakini serikali ni serikali. Baba Mtangulizi alipofika mji mkuu na kujitazama kwenye kioo, aliunda Tume.

Tume ilikaa, ikanywa chai, ikatoa matokeo. Iligundua kwamba Mrithi alitania. Kwa kuwa mashine haitanii, na kwa kuwa nyani pia hatanii, ilidhihirika kisayansi kwamba Mrithi ameporomoka hatua na kuwa mtu. Kosa hilo halina dawa. Akavuliwa vyeo vyote, akapelekwa kuishi Kitutumo, ambako hataweza kuwaambukiza mawaziri.

Pazi Mlekwa naye aliitwa mbele ya Profesa Mchanyato, aliyekuwa amepata tena mtandao.

"Umetuaibisha," alisema Profesa. "Tumekuondoa katika hatua zote. Kuanzia leo wewe ni binadamu wa kawaida."

"Adhabu hiyo ni ya muda gani, Mheshimiwa?"

"Ya maisha."

Pazi akarudi nyumbani, akamwambia mkewe. Mkewe akamtazama, akaona anapepesa, akampakulia ugali na mlenda. Wakafungasha.

Siku hizi ukienda Kitutumo, ambako huwezi kwenda kwa sababu hakupo, utamkuta Pazi asubuhi akisukuma toroli kwenda chemchemini, na Mrithi ndani yake, ndoo pembeni. Maji ya ndoo moja humtosha siku nzima, maana watu wa Kitutumo hawamuulizi mambo mengi. Wanamuuliza dawa ya kideri cha kuku, na jinsi ya kumjibu mkwe. La kula nini mchana wanalijua wenyewe.

Juzi walikuta foleni ndefu, na mwishoni amesimama shangazi Siwatu na vyungu vyake vitatu.

"Shangazi, tupishe," alisema Mrithi. "Nina joto. Tena mimi ni Hatua ya Tatu mstaafu. Iliamriwa na baba yangu kwamba nimetangulia."

Siwatu hakugeuka. Alisogeza chungu kwa mguu, foleni ilipokwenda.

"Umetangulia kwa mageuzi, mtani," alisema. "Mimi nimetangulia kwa vyungu."

Taa mbili za Mrithi zikapepesa. Pazi akaegesha toroli, akajifuta jasho, na wote wawili wakasubiri.